SAFARI YA MATEMBEZI NA MKE MJAMZITO: NANI ANAPANGA MWENDO?



Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake wote. Ammaa baad.

Ndugu zangu katika imani, wiki iliyopita baada ya swala ya Isha kijana mmoja alinisubiri kwenye baraza ya msikiti. Ni kijana mwema, mchapakazi, ameoa mwaka juzi. Akatoa simu akanionesha ratiba ya safari. Yeye na mkewe wanataka kwenda Uturuki kutembea, siku saba, miji miwili, Istanbul na Bursa. Alitaka nimweleze hukumu ya kupunguza swala wakiwa huko. Nikaisoma ratiba yote. Nikahesabu sehemu za kutembelea, zikafika 23. Kisha akaniambia, kama mtu anayetaja jambo la pembeni, kwamba mkewe ana ujauzito wa wiki 22.

Nikamuuliza, "Mkeo anasemaje kuhusu ratiba hii?"

Akacheka. "Hajaiona, shehe. Ni sapraizi. Atafurahi tu."

Nikamwambia, "Sikuuliza kama atafurahi. Nimeuliza anasemaje."

Akanyamaza. Swali lake la swala nitalijibu humu humu, kwa kuwa ni swali zuri na wengi wenu mnaliuliza. Lakini lile la pili ndilo lililonifanya nikae niandike, kwa sababu najua wapo vijana wengi wenye ratiba kama ile kwenye simu zao.

JE, MJAMZITO ANARUHUSIWA KUSAFIRI?

Niliondoe hili mapema, maana najua baadhi ya wazee wenzangu watakuja na maneno. Watasema mjamzito akae nyumbani, na kwamba kutembea nchi za watu ni israfu. Ndugu zangu, tusiharamishe ambacho Allah hakukiharamisha. Bibi Asma bint Abubakar (r.a.) alifanya hijra kutoka Makka akiwa na mimba pevu, akafika Quba na hapo akamzaa Abdullah bin Zubeir. Akampeleka kwa Mtume (s.a.w.), naye akatafuna tende akampaka mtoto kinywani. Asma mwingine, bint Umeis (r.a.), alitoka Madina kwenda Hija ya kuaga akiwa mjamzito, akajifungua Dhul-Hulaifa, mwanzo kabisa wa safari. Mtume (s.a.w.) hakumgombeza wala hakumrudisha nyumbani. Alimwelekeza aoge, ajifunge vizuri, kisha aingie kwenye ihramu.

Kwa hiyo mjamzito kusafiri si haramu. Na kutembea kuona ardhi ya Allah na athari za waliotangulia ni jambo la halali, madamu fedha ni ya halali, haikukopwa, na haikutolewa kwenye haki ya mtu mwingine. Gharama za kujifungua na za akika ziwekwe pembeni kwanza. Zikishawekwa na kukabaki cha kutembelea, mtembee, mfurahi. Mume anayetaka kumpumzisha mkewe kabla ya mtoto kuja ana nia njema, nami simpingi.

Ninachopinga ni safari ya watu wawili inayopangwa na mwenye nguvu peke yake.

MSIMAMO WANGU

Katika safari, mwenye haki ya kuamua mwendo ni aliye dhaifu. Hii si hisia yangu tu. Othman bin Abil-Aas (r.a.) alipoomba kuwa imamu wa watu wake, Mtume (s.a.w.) alimkubalia akamwagiza awafuate walio dhaifu kati yao. Yaani anayeongoza aswalishe kwa kiwango cha anayeshindwa. Na tumepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) katika safari alikuwa akibaki nyuma ya msafara, amsaidie aliyelemewa, ampakie nyuma yake na kumuombea dua. Kiongozi wa umma alikuwa nyuma pamoja na waliochoka!

Tena kuna kisa cha Anjasha. Alikuwa akiwaimbia ngamia waliobeba wanawake, na ngamia wakisikia sauti nzuri huongeza mwendo. Mtume (s.a.w.) akamtaka apunguze, akiwafananisha wanawake wale na vyombo vya kioo. Na hao hatukuambiwa kuwa walikuwa wajawazito. Je, huyu ambaye Allah ametueleza katika Surat Luqman kwamba anabeba mimba kwa udhaifu juu ya udhaifu?

Sasa pima mwenyewe. Hijra ilikuwa wajibu. Hija ni nguzo. Swala ya jamaa ni ibada. Kama katika mambo hayo makubwa mnyonge alihurumiwa, vipi katika matembezi ya kwenda kuangalia minara na kupiga picha? Huko huruma inatakiwa zaidi, kwa sababu hakuna faradhi yoyote inayokukimbiza. Ukiacha sehemu 16 kati ya 23, Siku ya Kiyama hutaulizwa kwa nini hukuziona. Lakini utaulizwa juu ya mkeo, maana ni amana.

NISIMULIE LANGU

Mama watoto ameniruhusu nisimulie hili. Nisingelisema bila idhini yake.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, miaka ya tisini, nilimchukua kutoka Tanga tukaenda Mombasa, na kutoka Mombasa tukaenda Lamu kwenye Maulidi. Nilikuwa kijana, nina shauku, nataka mke wangu auone mji niliokuwa nikisikia habari zake tangu madrasa. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Barabara ya kwenda mpakani Horohoro wakati ule ilikuwa ya vumbi na mashimo. Tulipofika Mombasa akasema amechoka, akaomba tulale siku mbili. Nikamwambia tutachelewa, tumekaribia. Ndani ya basi la Lamu akasema tena. Nikamwambia tumekaribia. Pale Mokowe tukisubiri boti alisema mara ya tatu, nami sikukosa jibu. Tumekaribia.

Usiku wa pili Lamu damu ikamtoka, na mimba ile hatukubaki nayo.

Daktari alitueleza baadaye kwamba mimba nyingi zinazotoka mapema hutoka kwa sababu zilizoko ndani ya mimba yenyewe, na kwamba hakuna anayeweza kusema ni basi. Nimelikubali. Kadari ni ya Allah, na alitupa watoto wengine, alhamdulillah. Sijasema kwamba safari ilimuua mwanangu, na wewe usiende kumwambia dada yeyote aliyepoteza mimba kwamba ni kwa sababu alisafiri. Huo ni udhalimu. Ninachokibeba mimi ni kingine. Mke wangu alinieleza hali ya mwili wake mara tatu, na mara tatu nilimjibu kwa habari ya barabara. Hilo halikuwa kadari, lilikuwa langu.

YA KUFANYA KABLA YA KUTOA FEDHA

Kwanza, mfanye shura. Allah amewasifu waumini kwamba mambo yao huyaendesha kwa kushauriana. Usimfanyie mjamzito sapraizi ya safari. Mpe ratiba aishike mkononi, na mpe kalamu. Na muulize kwa namna ambayo anaweza kusema hapana. Ukimuuliza, "Mke wangu, nimehangaika mwaka mzima kuweka hizi fedha, hutaki?" hapo hujamuuliza, umembana.

Pili, daktari kabla ya tiketi. Kwa mimba isiyo na tatizo, madaktari wengi huona kipindi cha katikati, tangu kama wiki ya 14 hadi ya 27, ndicho chepesi zaidi kwa safari. Kichefuchefu huwa kimepungua na tumbo bado halijawa zito. Lakini kila mimba ina yake. Mwenye shinikizo la damu, upungufu mkubwa wa damu, kondo la nyuma lililokaa chini, mapacha, au aliyewahi kuzaa kabla ya wakati, huenda akaambiwa asiende. Akiambiwa hivyo, jambo limekwisha. Mashirika mengi ya ndege hutaka barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na karibu na wiki ya 36 hukataa kabisa kumpakia. Hesabu wiki za kurudi, si za kwenda tu.

Tatu, chukua tiketi na hoteli zinazoweza kubadilishwa au kufutwa, hata kama bei imezidi kidogo. Tiketi isiyorudishwa humfanya mke aone aibu kusema anaumwa. Na bima ya safari isome mstari kwa mstari, kwa sababu nyingine haziingizi mambo ya ujauzito.

Nne, beba kadi yake ya kliniki, pamoja na karatasi ya daktari kwa Kiingereza yenye wiki za mimba, kundi la damu na dawa anazotumia. Vikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linaloingia chini ya ndege. Jua hospitali iliyo karibu na hoteli katika kila mji. Namba ya dharura Uturuki ni 112.

NDANI YA NDEGE

Kutoka Dar es Salaam hadi Istanbul ni kama saa saba angani. Mjamzito damu yake ni rahisi zaidi kuganda miguuni anapokaa muda mrefu bila kutikisika. Mpe kiti cha kwenye njia, anyanyuke atembee kila baada ya muda, anywe maji mengi, na akishauriwa na daktari avae soksi za kubana. Mkanda wa kiti upite chini ya tumbo, si juu yake. Neema moja ya safari hii ni kwamba saa za Uturuki ni sawasawa na zetu, hivyo usingizi hautavurugika kwa tofauti ya saa.

ISTANBUL NA BURSA KWA MWENDO WAKE

Istanbul ni mji wa vilima. Kwenye simu sehemu mbili huonekana jirani, kumbe kati yake kuna mlima wa mawe. Kwa hiyo panga hivi: jambo moja asubuhi, qailula mchana, jambo moja jepesi alasiri. Kulala kidogo mchana ni katika mafunzo ya Mtume wetu (s.a.w.), na mjamzito anakuhitaji zaidi.

Msikiti wa Sultan Ahmed na Ayasofya vinatazamana, na ardhi hapo kati ni tambarare. Asubuhi moja inatosha. Ayasofya, iliyojengwa mwaka 537 kama kanisa, ikawa msikiti mwaka 1453, ikageuzwa makumbusho katika karne ya 20, na tangu mwaka 2020 imerudi kuwa msikiti. Watalii hukata tiketi na kupelekwa ghorofa ya juu. Anayekwenda kuswali huingia chini, bila malipo. Nenda ukaswali, mkeo apate kukaa kwenye zulia apumzike. Msikiti wa Suleymaniye, kazi ya fundi Sinan, uko juu ya kilima, basi nendeni kwa teksi. Kasri la Topkapi, lenye vitu vinavyonasibishwa na Mtume (s.a.w.), ni pana sana na hufungwa Jumanne. Birika la chini ya ardhi lina ngazi zaidi ya hamsini na sakafu yenye unyevu. Hilo mwachie mwaka mwingine. Boti ya kupita Bosphorus utaona mji pande zote mbili nanyi mmekaa.

Usikose Eyüp, kwenye kaburi la Abu Ayyub al-Ansari (r.a.). Huyu ndiye aliyempokea Mtume (s.a.w.) nyumbani kwake alipofika Madina. Nyumba ilikuwa na ghorofa, na Mtume (s.a.w.) akakaa chini. Abu Ayyub akaona haya kutembea juu ya kichwa chake, naye akamweleza kwamba chini ni pepesi zaidi. Mbora wa viumbe alichagua chumba kwa kuangalia wepesi! Nawe unapochagua hoteli uliza kwanza lifti, kwa sababu zipo nyumba ndogo za zamani zisizo nayo. Chumba cha kuona bahari kilicho ghorofa ya nne bila lifti usimpeleke.

Bursa ndio mji mkuu wa mwanzo wa Maothmani, ulichukuliwa mwaka 1326. Unaweza kwenda kwa gari, au kwa boti ya kasi inayovuka bahari ya Marmara kwa takribani saa mbili. Mwulize mkeo kipi kinamtibua zaidi, gari au mawimbi. Msikiti Mkuu wa huko, Ulu Cami, ulikamilika karibu na mwaka 1399, una kuba 20 na birika la udhu ndani kabisa ya msikiti. Hapo mtu anaweza kukaa saa nzima akisikiliza maji. Makaburi ya Osman na Orhan yako pamoja kwenye bustani moja. Lakini Bursa pia ni maarufu kwa maji ya moto na hamamu. Mjamzito asiingie humo, joto kali linaweza kumdhuru yeye na mtoto. Pia ajiepushe na nyama isiyoiva, jibini ya maziwa mabichi na kome wanaouzwa barabarani, hata kama vyote ni halali. Tumeamrishwa kula cha halali kilicho kizuri, na kisichomfaa yeye si kizuri kwake.

SASA SWALA

Tazameni rehema ya Allah. Katika hadithi iliyopokewa na akina Tirmidhi na Abu Daud, msafiri na mjamzito wametajwa pamoja. Msafiri amepunguziwa swala, na msafiri, mjamzito na mnyonyeshaji wameruhusiwa kutofunga. Mkeo ni msafiri na ni mjamzito. Allah amemhurumia kwa milango miwili, wewe usimfungie wote.

Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafii, ukikusudia kukaa mji mmoja siku nne kamili au zaidi, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, unaswali kamili tangu ulipofika. Ukikusudia pungufu ya hapo, unapunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha kuwa rakaa mbili mbili, na unaweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Kwa hiyo siku tatu kamili Istanbul na mbili Bursa, mtapunguza kote. Na mwendo kati ya miji hiyo miwili kwa barabara ni kama kilomita 150, yaani ni safari kamili peke yake.

Asiyeweza kusimama aswali amekaa. Na dada anayepata taabu kuinama kuosha miguu anaweza kupaka maji juu ya khuffu za ngozi zinazofunika vifundo vya miguu, akizivaa akiwa na udhu kamili. Msafiri ana siku tatu, mchana na usiku. Wangapi wenu mlikuwa hamjui?

DALILI ZA KUSIMAMISHA KILA KITU

Damu. Maji kuvuja. Tumbo kuuma sana au kubana kwa vipindi. Kichwa kikali na macho kuona ukungu. Mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kupumua kwa shida. Mtoto kupunguza kucheza. Ikitokea hata moja, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usiseme tumalizie msikiti huu kwanza. Usiseme tumekaribia.

NENO KWA DADA ZANGU

Dada yangu, nawe una sehemu yako. Usinyamaze kwa kumwonea huruma mumeo na fedha zake, kisha ukaumia kimya kimya. Yeye hasikii kilicho ndani ya mwili wako. Kumwambia umechoka si utovu wa shukrani. Ni kumsaidia asiingie kwenye dhambi bila kujua.

Yule kijana alirudi juzi. Alimwonesha mkewe ratiba. Mkewe akamwambia kitu ambacho alikuwa hajakisema kwa wiki mbili, kwamba asubuhi hupatwa na kizunguzungu mpaka hushika ukuta, na alikuwa anaogopa kukitaja kwa sababu aliona jinsi mumewe anavyochangamkia hiyo simu. Wanakwenda kliniki pamoja wiki hii. Ratiba imebaki na sehemu saba. Huenda wakaenda, huenda wasiende. Tiketi hajanunua, alhamdulillah.

Na wewe unayesoma hapa, kama una safari moyoni, leo usiku kaa na mkeo, umuulize, kisha unyamaze mpaka amalize kusema.

Ewe Allah, walinde wajawazito wetu, wape wepesi wa kubeba na wepesi wa kujifungua, wape watoto wema wenye afya. Waliopoteza mimba watulize nyoyo na uwape badala iliyo bora. Tufanye waume wenye kusikia. Aamiin.

Ukiona kuna faida, mtumie ndugu yako aliye na safari.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.